Tamthilia Isomwe kwa Mdomo: Hotuba kwa Wanafunzi wa Kozi ya Mtandaoni, Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi, na ninyi vijana ambao wiki ijayo mnaanza kozi ya tamthilia za kisasa kwa njia ya mtandao: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuisoma kozi hii. Nina neno moja tu, na yote yatakayofuata ni maelezo yake. Msikubali kuisoma tamthilia kwa macho peke yake. Isomwe kwa mdomo, msomaji akiwa amesimama, na mbele yake awepo mtu wa kumjibu. Kozi ya mtandaoni itawapa karibu kila kitu: vitabu, mihadhara iliyorekodiwa, mwalimu aliye mbali, wanafunzi wenzenu wa nchi ambazo hamjafika. Kitu kimoja haina uwezo wa kuwapa, nacho ni chumba chenye watu. Hicho mtakitafuta wenyewe, hapa hapa Bagamoyo. Mkikikosa, mtafaulu mtihani na tamthilia mtakuwa hamjaisoma.

Tuangalie kwanza tulikotoka. Wengi wetu tuliopita sekondari tumeisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba. Mkamate kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne, atakutajia dhamira zake bila kuvuta pumzi: mapenzi na kazi, uzembe, mila, elimu. Kisha ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari. Fani huku, maudhui kule. Uchambuzi huo una kazi yake na siubezi. Lakini muulize kijana huyo huyo: Mzee Mitomingi alipogundua binti yake anatoroshwa, alipaza sauti au aliishusha? Zile karatasi za sensa zilipochomwa moto, Ngoswe alikuwa amesimama wapi, na mikono yake ilikuwa inafanya nini? Hapo atanyamaza, kwa sababu swali hilo halijawahi kutoka kwenye mtihani. Na ndilo swali la kwanza analojiuliza mwigizaji akishika kitabu. Mtunzi aliandika watu wenye miili wakisimama mahali fulani, sisi tukavuna mawaidha tukawaacha watu wenyewe kwenye karatasi.

Mwaka 1896, mtunzi wa Kirusi Anton Chekhov alipeleka tamthilia yake ya Shakwe kwenye jukwaa la St Petersburg. Ilianguka vibaya. Hadhira ilicheka pasipo pa kuchekea, ikazomea, na mtunzi akaondoka akiapa kutoandika tena kwa ajili ya jukwaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1898, kundi jipya la Moscow lililoanzishwa na Stanislavski na Nemirovich-Danchenko likaichukua tamthilia ile ile na kuifanyia mazoezi marefu. Ikapokewa kwa shangwe, na hadi leo shakwe ndiye nembo ya jumba lao. Kazi ilikuwa moja. Kilichobadilika ni watu waliosimama na maneno yale, na muda waliojipa wa kuuliza kila mhusika anataka nini anaposema anachosema. Maana wahusika wa Chekhov huzungumzia chai, hali ya hewa, safari, huku jambo lenyewe limelala chini ya maneno. Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hilo kwa mhadhara. Mwanamke wa hapa anaweza kupita mbele ya jirani yake amejifunga kanga, hajafungua mdomo, na jirani akaenda ndani kulia. Ndivyo Chekhov anavyoandika. Ila mtu hawezi kulisikia fumbo kwa kupitisha kidole kwenye skrini. Lazima sauti moja iliseme na sikio jingine lichomwe nalo.

Nataka nikae zaidi kwa Nora, kwa sababu karibu kila kozi ya tamthilia za kisasa duniani huanzia kwake au hupitia kwake. Nora ni mhusika mkuu wa tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway. Kwenye orodha zenu mtaikuta kwa jina la A Doll's House. Ilionyeshwa mara ya kwanza Copenhagen, Desemba 1879.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wa Nora, Torvald, aliumwa sana, na madaktari wakasema asipopelekwa nchi yenye joto atakufa. Pesa hakuna. Nora akakopa kwa siri kwa mtu aitwaye Krogstad. Kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kukopa kwa jina lake, akaghushi sahihi ya baba yake kama mdhamini. Mume akapona, akidhani fedha zilitoka kwa mkwewe. Miaka ikapita, Nora akilipa kidogo kidogo, akipunguza kwenye nguo zake na kukesha usiku akinakili maandishi ya watu kwa ujira. Halafu mume akapata umeneja wa benki, akataka kumfukuza kazi Krogstad, na Krogstad akaja nyumbani na ile hati.

Lisimulieni hilo mbele ya akina mama wa Magomeni au wa Dunda. Hakuna atakayeanza kwa kuuliza Norway iko wapi. Watauliza riba ilikuwa kiasi gani. Wanaijua mikopo ya kausha damu. Wanamjua mwanamke anayeficha daftari la marejesho chini ya godoro, anayeshtuka kila mlango unapogongwa, huku mumewe sebuleni anamwita kwa majina matamu na kumkataza kula peremende. Ibsen aliandika hayo zaidi ya miaka 140 iliyopita, na ndiyo maana nasema kozi hii haiko ng'ambo, iko mtaani kwenu.

Sasa tazameni mahali pamoja katika sehemu ya tatu. Torvald ameisoma barua ya Krogstad. Amemtukana Nora, amemwita mnafiki na mhalifu, amemwambia hafai kulea watoto. Mara inafika barua ya pili: Krogstad amerudisha hati, siri imeisha. Torvald anapaza sauti kwa furaha kwamba ameokoka. Nora anamuuliza, na yeye je?

Kwenye kitabu hilo ni swali la neno moja au mawili. Jicho linaliruka kwa kufumba na kufumbua. Lakini mtafute mtu asome Torvald, wewe uwe Nora, ulitamke. Litamke kama mtu anayeomba ahurumiwe. Kisha litamke kama mtu aliyechoka. Kisha litamke kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza anamwona vizuri aliyelala naye kitanda kimoja miaka minane. Ni tamthilia tatu tofauti. Katika ya kwanza, kuondoka kwa Nora dakika chache baadaye kutaonekana hasira. Katika ya tatu, ameshaondoka tayari, kilichobaki ni kuchukua begi na kufunga mlango. Mhadhara mzuri kabisa unaweza kukueleza kwamba Nora anabadilika. Ila lini hasa anabadilika, kwenye neno gani, hilo utalijua ukilitafuta mdomoni mwako mwenyewe.

Ule mlango wa mwisho uliwatia watu kichaa. Mwaka 1880, mwigizaji mmoja maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, aligoma kuigiza mwisho huo kwa hoja kwamba yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Ibsen, kwa kuogopa wengine wasiibadilishe vibaya zaidi, akaandika kwa mkono wake mwisho mwingine ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto na kuishiwa nguvu. Aliuchukia mwisho huo maisha yake yote. Mimi simlaumu yule mwigizaji. Alikuwa amesimama mle ndani ya mwanamke yule, na mwili wake ulikataa. Natamani wanafunzi wetu wasome hadi wafike mahali pa kukataa namna hiyo, badala ya kuandika tu kwamba Ibsen ametetea haki za wanawake na kupata alama zao.

Mkimaliza Nora, chukueni Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1988. Hata kama kozi haijaitaja, ichukueni. Martha anafiwa na mumewe Herbert, wametoka makabila mawili, na ukoo wa mume unakuja kudai maiti na kila kitu. Nyuma yake ipo kesi ya kweli iliyotikisa Kenya mwaka 1987 kuhusu maziko ya wakili S. M. Otieno. Wekeni wanawake hao wawili meza moja. Nora ana mlango na anaufunga mwenyewe akitoka. Martha anataka kubaki, na nyumba ndiyo inayomtapika. Mkimwandikia mwalimu wenu wa mbali insha juu ya hilo, mtakuwa mmempa kitu ambacho yeye pengine hana, na darasa zima litajifunza kutoka Bagamoyo.

Sasa niseme juu ya skrini, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe.

Tamthilia za Ibsen na wenzake zilizaliwa wakati jumba la maonyesho lilipokuwa linabadilika. Gesi na kisha umeme viliwezesha taa za jukwaani kudhibitiwa na upande wa watazamaji kutiwa giza. Savoy Theatre ya London iliwekwa umeme mwaka 1881, na Paris André Antoine alifungua jumba lake dogo mwaka 1887. Watazamaji wakaketi gizani, kimya, wakichungulia chumba cha watu kana kwamba ukuta mmoja umeondolewa na wenye nyumba hawajui. Huo ndio ukuta wa nne mtakaousikia kila wiki.

Sisi hatukukua na ukuta huo. Ngomani watu wamezunguka duara. Hadhira inaitikia, inapiga vigelegele, inamwendea msanii na kumtunza, inamkosoa papo hapo akiteleza. Mtu akikaa kimya mwanzo mpaka mwisho, wenzake watamuuliza kama anaumwa. Na ninachokiona sasa kinanisumbua: simu imeujenga ukuta wa nne upya, tena kiganjani. Mwanafunzi yuko gizani chumbani, kamera ameizima, kipaza sauti amekifunga, anatazama onyesho la watu wasiojua kama yupo. Mtazamaji wa Antoine walau aliisikia pumzi ya jirani yake.

Lakini ndani ya kozi hiyo hiyo wamo watu waliokwisha kuupigania ukuta huo wakaubomoa. Bertolt Brecht, mtunzi wa Ujerumani, alitaka taa zionekane, mwigizaji ageuke aseme na watu, wimbo ukatize kisa, mtazamaji asizame kwenye machozi mpaka akasahau kufikiri. Na huyu Ebrahim Hussein wetu, mtu wa kusini, baada ya kuandika Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, alikwenda kusoma huko huko Ujerumani, Berlin ya Mashariki, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1975. Watu wa mji huu ambao ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 wakae na jambo hilo kidogo. Mwaka 1976 akatoa Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, na humo anamrudia msimulizi wetu wa kale, yule anayesimama mbele ya watu na kuwatazama usoni. Alikwenda mbali akakuta kwamba kilichoonekana kipya Ulaya kilikuwa na ndugu yake barazani kwetu. Wala hakuiga, alichagua.

Someni mwisho wa Kinjeketile mkiwa kikundi. Amefungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Watu wameshakufa kwa kuyaamini yale maji. Mmoja wenu asome akataavyo kwa sauti kubwa ya shujaa, mwingine asome kwa sauti ya mtu anayejua gharama ya kila anachosema. Kisha bishaneni. Ikibidi mmalize usiku, mmalize usiku.

Na mkifika kwa Samuel Beckett, kwenye Waiting for Godot, yaani Kumngoja Godot, iliyoonyeshwa Paris mara ya kwanza Januari 1953, nawaomba kitu kimoja tu. Msiongeze kasi. Najua mnavyosikiliza mihadhara kwa kasi ya moja na nusu ili bando lisiishe. Kwa mhadhara sawa. Kwa Beckett, ukimya umeandikwa kwenye kitabu kama maneno yalivyoandikwa, na anayeuruka ameruka nusu ya kazi. Mwaka 1957 waigizaji wa San Francisco waliipeleka tamthilia hiyo gereza la San Quentin, mbele ya wafungwa zaidi ya elfu moja. Wasomi walikuwa bado wanagombana kuhusu maana yake. Wafungwa walitulia wakaielewa, kwa sababu kungoja walikuwa wanakujua.

Kuhusu mahali pa kusomea, mji gani una bahati kuliko huu? Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 tunakijua kama TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wanafunzi wa maigizo mnapishana nao njiani kila siku. Waombeni waje wawasikilize mkisoma. Nao wanahitaji watu wanaosoma sana, kama ninyi mnavyohitaji watu wanaojua kusimama. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza na Msoga katika wilaya hii yetu ya wakati ule, wakakaa na wanakijiji wakaeleza shida zao, wakaziigiza, na baada ya onyesho kikafuata kikao cha kujadiliana. Hao hao ndio waandishi wa Nguzo Mama na Hawala ya Fedha. Walijua kitabu, na walijua uwanja wa kijiji. Huo ndio urithi mlio nao kabla hamjaandika hata nenosiri la kozi.

Mambo ya gharama nitayapita haraka. Ibsen alifariki mwaka 1906 na Chekhov mwaka 1904. Kazi zao, na tafsiri zao za zamani za Kiingereza, ziko mtandaoni bure kihalali. Pakueni maandishi matupu, hayali bando kama video. Hussein, Muhando, Semzaba, vitabu vyao vina wenyewe: nunueni, hata kama ni kimoja kwa watu watatu. Mjadala wa kila wiki, pale mnapotakiwa kuandika aya mbili, ombeni ruhusa mtume pia sauti yenu iliyorekodiwa mkisoma kipande. Ni mtihani mzuri kuliko aya, maana kwa sauti mtu hawezi kujifanya ameelewa.

Wazazi, kwenu nina ombi. Kikundi kitakutana alasiri, na alasiri ndiyo saa ya maji, ya mboga, ya wadogo kuogeshwa. Yote hayo mara nyingi ni ya binti. Mvulana atafika bila kuulizwa. Msichana atafika akiwa amechelewa, au hatafika. Nawaomba siku hiyo moja ya wiki kazi igawanywe vingine. Hatuwezi kumsoma Nora huku wasichana wetu wote wako jikoni.

Tunaanza Alhamisi baada ya Alasiri, kwenye baraza ya jengo hili hili. Ni sehemu ya tatu ya Nora, kuanzia Torvald anapofungua sanduku la barua. Nahitaji Nora wawili, watakaopokezana, na Torvald wawili. Atakayesoma Torvald asije na sauti ya mtu mbaya. Huyu ni mwanamume anayeamini anampenda mkewe, na asipoaminika hapo hakuna tamthilia. Awepo mtu mmoja wa kusoma maelekezo ya jukwaani peke yake, kwa sauti, pamoja na mlango unaofungwa mwishoni. Wengine wote ni hadhira, na hadhira yetu itaruhusiwa kusema. Nakala ziko mezani karibu na mlango, moja kwa watu wawili. Majina naandika mimi, njooni sasa hivi. Asanteni sana.